Cha bure hakina dalali: jinsi ya kupata ushauri wa wenyeji usio na maslahi ukiwa safarini

Ukifika mji usioujua, vitu vya kulipia hukutafuta vyenyewe. Vimebandikwa kwenye kuta za uwanja wa ndege, vimepangwa kwa rangi kwenye kaunta ya hoteli, vinakuita "rafiki yangu" ukishuka tu kituoni. Bustani ya umma, onyesho la wanafunzi wa chuo cha muziki, saa mbili za jioni ambazo makumbusho hufungua milango bila kiingilio: hivi havina wa kuvipigia debe, kwa kuwa hakuna anayepata hata senti ukienda. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa wiki nzima akilipa kila anakoingia, huku wenyeji wakimpita pembeni kwenda kusikolipiwa.

Mambo ya bure yapo mengi karibu kila mji. Kazi ni kumpata mtu anayeyajua, ambaye hafaidiki na uamuzi wako, kisha kumuuliza kwa namna itakayomfanya akujibu kitu cha maana. Hatua ya kuuliza nimeirefusha makusudi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Hatua ya 1: Jua nani anapata nini

Kabla ya kuupima ushauri, mpime anayeutoa. Dereva anayekupeleka dukani anaweza kulipwa na mwenye duka. Mtu wa mapokezi anayekuandikia ziara anaweza kupata kamisheni kwa kila tiketi. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya, na mara nyingi ziara yenyewe ni nzuri. Lakini usitegemee mtu huyo akuambie kwamba mlima uleule unaweza kuupanda mwenyewe kwa njia ya umma, bila kulipa.

Mfano maarufu kuliko yote uko Bangkok. Karibu na Kasri la Kifalme, mtu nadhifu mwenye maneno mazuri anakuambia kasri limefungwa leo, kisha kwa wema wake anakuitia tuk-tuk ya bei ya chini ajabu ikuzungushe kwenye mahekalu mengine. Safari hiyo huishia kwenye duka la vito au la mshona suti. Kasri lilikuwa wazi muda wote. Ujanja huu una miaka mingi na unaendelea kunasa watu, kwa sababu unakuja ukiwa umevaa sura ya ushauri wa mwenyeji.

Kanuni ninayoitumia ni nyepesi: aliyekufuata yeye ana sababu yake, uliyemfuata wewe mara nyingi hana. Haifanyi kazi kila mahali. Kuna miji ambayo watu husimamisha wageni kwa ukarimu mtupu, na kuwatilia shaka wote ni kujinyima. Lakini kwa siku ya kwanza, kabla hujausoma mji, inatosha.

Ofisi za utalii nazo hazifanani. Nyingine zinaendeshwa kwa fedha za halmashauri ya mji. Nyingine, na hili ni la kawaida sana Marekani, hutegemea michango ya wanachama ambao ni hoteli, migahawa na kampuni za ziara. Uliza bila aibu: "Mnaorodhesha kila kitu, au vya wanachama tu?" Vipeperushi vilivyo rafuni mara nyingi vimelipiwa nafasi. Wakati huohuo, mhudumu aliye nyuma ya kaunta huenda anaijua kila bustani na kila siku ya bure mjini, ila hatakutajia mpaka umuulize.

Usiwatupe watu wa mapokezi pia. Waulize yale ambayo hawana faida nayo: je, njia hii ni salama usiku, basi gani linafika ufukweni, Jumatatu kipi hufungwa.

Hatua ya 2: Soma kalenda kabla hujafunga begi

Mwenyeji hawezi kukumbuka kila tarehe, na wewe huwezi kuuliza vizuri kama huna hata fununu. Nusu saa nyumbani inatosha, na kitu cha kutafuta ni siku na saa zisizolipiwa.

Makumbusho ya Prado mjini Madrid hayalipiwi kiingilio katika saa mbili za mwisho za kila siku: Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, na Jumapili saa moja kabla ya hapo. Makumbusho ya taifa ya Italia hufunguliwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, mpango ulioanza 2014. Uingereza, makusanyo ya kudumu ya makumbusho ya taifa hayana kiingilio tangu Desemba 2001, ingawa maonyesho maalumu ndani ya majengo hayohayo hulipiwa. Makumbusho ya Smithsonian mjini Washington nayo ni bure, na hufunguliwa karibu mwaka mzima.

Kuna pia siku ambazo milango iliyofungwa mwaka mzima hufunguliwa. Siku za Urithi wa Ulaya zilianzia Ufaransa 1984, na sasa nchi nyingi za bara hilo huziadhimisha, hasa mwezi Septemba: mahakama, mabunge, viwanda vya zamani, majumba ya mabalozi. Open House ilianzia London 1992 kwa wazo la namna hiyohiyo upande wa usanifu majengo, na imesambaa katika miji mingi duniani. Jane's Walk ni matembezi ya mtaani yanayoongozwa na wakazi wenyewe. Yalianza Toronto 2007 kumkumbuka Jane Jacobs, mwandishi aliyetetea mitaa ya miji na wakazi wake, na kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa wiki ya kwanza ya Mei. Ukiweza kusogeza safari kwa siku mbili tatu ili ukutane na moja ya hizi, isogeze.

Pakua na ramani ya OpenStreetMap ya eneo unalokwenda. Imekuwa ikijengwa na watu wa kujitolea tangu 2004 na haiuzi nafasi kwa mgahawa wala hoteli, hivyo mabomba ya maji ya kunywa, vyoo vya umma, vilele vya kutazamia mji na njia za miguu vinaonekana sawa na vitu vingine.

Hatua ya 3: Omba mwenyeji wa kujitolea

Hii inahitaji kufanywa wiki kadhaa kabla, ndiyo maana wengi wanaikosa. Mwaka 1992 Lynn Brooks alianzisha Big Apple Greeter jijini New York: mkazi anayeupenda mtaa wake anakutembeza bila malipo, na bahashishi haipokelewi. Mfumo huo umenakiliwa na miji mingi ya mabara mbalimbali, na anayekutembeza huitwa "greeter". Makundi ni madogo, watu sita au pungufu. Unajaza fomu, unaeleza lugha unayozungumza na mambo unayoyapenda, halafu unasubiri kuunganishwa na mtu.

Japani kuna waongozaji wa kujitolea waitwao Goodwill Guide. Hawatozi ada, lakini mgeni hutarajiwa kugharamia nauli na viingilio vya mwongozaji siku hiyo. Uliza hilo mapema ili msiingie kwenye maelewano ya kubahatisha.

Ushauri wangu: tumia matembezi haya siku ya kwanza au ya pili, kamwe usiyaache mwisho. Umbali mtakaotembea si kitu kikubwa. Faida ni kwamba una saa mbili na mtu asiyekuuzia chochote, na unaweza kumuuliza mambo ya siku zote zilizobaki.

Usichanganye greeter na zile ziara zinazotangazwa kuwa "za bure" ambapo mwisho wake kofia hupitishwa. Ziara hizo zinaweza kuwa bora kabisa, na mwongozaji anastahili kulipwa kwa kazi yake. Katika kampuni nyingine yeye mwenyewe hutakiwa kuilipa kampuni kwa kila kichwa alichokipokea. Ila tambua kwamba hiyo ni biashara, na mgahawa anaousifia pale mnapoagana huenda nao uko ndani ya hesabu.

Hatua ya 4: Nenda walipo watu wasio na cha kuuza

Anza na maktaba ya umma. Sioni mahali panapoizidi. Mkutubi kazi yake ni kuelekeza watu kwenye habari bila kuwatoza, anajua mihadhara, maonyesho ya filamu na madarasa ya wazi ya wiki hiyo, na ubao wa matangazo mlangoni una karatasi ambazo hazijawahi kufika kwenye mtandao wowote wa kitalii. Nenda katikati ya asubuhi. Dakika kumi kabla ya kufunga utapata jibu la dakika kumi kabla ya kufunga.

Chuo kikuu kinafuata: bao za matangazo za idara ya muziki, sanaa na historia. Onyesho la mtihani wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mara nyingi liko wazi kwa umma na viti havijai.

Walinzi wa makumbusho ni hazina iliyosahaulika. Wamesimama saa nyingi, wameshasikia maswali ya wageni wote, na wengi ni wakazi wa miaka mingi. Askari wa hifadhi za taifa vivyo hivyo. Katika hifadhi nyingi za Marekani kuna maelezo na matembezi ya bila malipo ya ziada yanayoongozwa na askari hao, na ratiba huwekwa kwenye kituo cha wageni.

Wazazi kwenye viwanja vya kuchezea watoto wanastahili kutajwa peke yao. Mtu mwenye watoto wawili na likizo ndefu ya shule anajua kila sehemu ya bure ndani ya nusu saa ya kutembea, anajua yenye kivuli, anajua yenye choo. Ukiwa na watoto wako mazungumzo yanaanza yenyewe. Ukiwa peke yako na huna mtoto, usiwasogelee ovyo. Muulize mtu mwingine.

Njia nyingine ni kujiunga na shughuli yenyewe ya bure. Parkrun, iliyoanzishwa na Paul Sinton-Hewitt katika bustani ya Bushy Park, London, mwaka 2004, ni mbio au matembezi ya kilomita 5 kila Jumamosi asubuhi, katika nchi nyingi, yanayoendeshwa na watu wa kujitolea. Hakuna ada. Na hata wasiopenda kukimbia wanaweza kutembea, kisha baada ya hapo wakajikuta kati ya wenyeji kadhaa ambao hawana haraka ya kuondoka.

Hatua ya 5: Uliza vizuri

"Hapa kuna nini cha kuona?" ni swali bovu. Mwenyeji mwema kabisa atakutajia mnara ule ule ulio kwenye kadi za posta, kwa sababu anafikiri ndicho mgeni anachotaka. Uwanja anaokwenda kukaa kila Jumapili hataupa heshima ya kuutaja. Atauonea haya.

Kwa hiyo uliza kuhusu maisha yake. "Siku ya mapumziko, hutaki kutumia hela, unakwenda wapi?" "Ndugu wakikutembelea kutoka mbali, mnawapeleka wapi?" "Watoto mnawapeleka wapi wakati wa likizo?" Maswali haya yanamlazimisha kukumbuka, na kumbukumbu haina utangazaji ndani yake.

Halafu mpe mipaka. Mtu akiulizwa juu ya mji mzima hubabaika. Akiambiwa "nina saa tatu mchana huu, natembea kwa miguu, napenda majengo ya kale kuliko maduka" anaanza kuchuja. Ongeza na "wiki hii kuna nini?", maana tamasha la mtaa au soko la vitabu vya mitumba linaweza kuwa la siku moja tu.

Jibu la kwanza lipokee kwa shukrani, kisha usiondoke. Sema: "Hapo nimepasikia. Na pengine?" Nyamaza kidogo. Jibu la pili ndilo ulilolifuata. Ni jambo la ajabu jinsi watu wanavyobadilika sura wanapolitoa. Wanaanza kuonyesha kwa mikono, wanaomba karatasi wachore.

Swali la kumpima mshauri ni hili: "Kipi kinasifiwa sana ambacho ningeweza kukiacha?" Mkazi wa kweli atakuwa na jibu, na kwa kawaida atalitoa kwa furaha. Anayesema kila kitu ni kizuri, au anayeponda kila kitu isipokuwa ziara moja, amekuonyesha upande aliopo.

Kama hamna lugha ya pamoja, andika swali moja fupi kwa lugha yao kwenye simu kabla hujatoka. Fupi kweli kweli, kwa sababu programu za kutafsiri hupotea kwenye sentensi ndefu. Mpe na ramani, mwache aweke kidole. Kidole hakikosei tahajia.

Waulize watu watatu wasiofahamiana. Mlinzi na mwanafunzi wakitaja ngazi zilezile za kutazamia machweo bila wewe kuzigusia, nenda. Madereva watatu walioegesha pamoja wakitaja mahali pamoja, hilo ni jibu moja.

Hatua ya 6: Bure kwa nani, tangu lini, kwa masharti gani?

Mtu anaweza kuwa mwaminifu na bado akakupoteza, na njia kuu ni mbili.

Ya kwanza ni kwamba yeye halipi kwa sababu ni mkazi. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ulifanya usafiri wa umma kuwa bure mwaka 2013, lakini kwa wakazi waliosajiliwa. Mgeni hulipa nauli. Luxembourg ilipofuta nauli nchi nzima mwaka 2020, ilifuta kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji. Mkazi wa mji wowote kati ya hiyo miwili atakuambia kwa moyo safi, "Panda tu, hakuna nauli." Kwa hiyo kila mara ongeza: "Hata kwa mtu asiyeishi hapa?"

Ya pili ni habari iliyochacha. Kwa miaka mingi wageni wa Metropolitan Museum of Art, New York, walilipa kiasi walichotaka. Tangu Machi 2018 hiari hiyo imebaki kwa wakazi wa jimbo la New York na wanafunzi wa New York, New Jersey na Connecticut. Wengine hulipa bei iliyopangwa. Eneo lenye kazi maarufu za msanifu majengo Gaudí katika bustani ya Park Güell, Barcelona, lilianza kulipiwa Oktoba 2013. Pantheon, hekalu la kale la Roma, ikafuata Julai 2023. Kuna watu wazima, wenye akili timamu, wazaliwa wa miji hiyo, ambao hawajaingia sehemu hizo kwa muongo mzima na wanaamini bado ni bure. Muulize mtu: "Mara ya mwisho ulikwenda lini?"

Masharti nayo yaulizie: je, ni lazima kujiandikisha mapema mtandaoni? Foleni huanza saa ngapi? Lango lipi? Mengine hayahusu pesa kabisa. St Paul's Cathedral ya London hutoza watalii, lakini anayekwenda kusali haulizwi tiketi, na ibada ya jioni yenye kwaya iko wazi kwa wote. Sharti lake ni kwamba unakwenda ibadani, unakaa, unatulia, simu mfukoni. Anayeingia kupiga picha za dari na kutoka katikati ya zaburi anawaharibia wanaokuja nyuma yake.

Hatua ya 7: Thibitisha kwenye chanzo chenyewe

Fungua tovuti ya mahali husika, au piga simu. Dakika mbili. Tazama saa, siku ya kufungwa, na ukurasa wa kiingilio.

Hatua hii inakulinda pia dhidi ya anayekuuzia cha bure. Kivuko cha Staten Island, kinachopita mbele ya Sanamu ya Uhuru, hakina nauli tangu 1997. Hata hivyo watalii wamewahi kuuziwa tiketi zake barabarani.

Hatua ya 8: Kaa salama

Omba maelekezo, usiombe kusindikizwa. Mtu akisisitiza kukupeleka mwenyewe, hasa mbali na njia kuu, mshukuru na uendelee na yako. Ukiona ugumu kukataa, sema kuna mtu anakusubiri. Usimtajie hoteli uliyofikia wala kwamba uko peke yako. Sehemu ya wazi uliyoelekezwa ipitie kwanza mchana kabla ya kwenda usiku, na hapa ndipo yule mtu wa mapokezi anarudi kuwa na thamani: muulize kama njia hiyo inapitika baada ya giza.

Na ukifika ukakuta lango limefungwa, usigeuze moja kwa moja. Muulize mlinzi, mfagiaji au mwenye kupita na mbwa: hufunguliwa lini, na watu wa hapa huenda wapi pakifungwa?